Mkongwe Tumbakize au Tumuage?

Dirisha la usajili likikaribia, ubishi huu lazima urudi. Beki wa kati ana miaka 35, mkataba unaisha Juni, majeraha yameanza kumzoea, na bado siku asipokuwepo goli linaingia kirahisi. Asainishwe tena au apewe mkono wa kwaheri? Wengi hujibu kwa mapenzi. Aliyemshangilia miaka kumi hasikii la mtu, na aliyemwona juzi akiachwa kwa mbio na mtoto wa miaka 19 haoni sababu ya kuendelea kujadili.

Nimeamua kulibana swali kwenye mtu mmoja, Thiago Silva wa Brazil, kwa sababu klabu mbili tajiri zilimwamulia mambo yaliyopingana ndani ya kiangazi kimoja. Paris Saint-Germain walimwacha aende bure Agosti 2020, siku chache tu baada ya kuvaa kitambaa cha unahodha kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya pale Lisbon, walipofungwa 1-0 na Bayern Munich. Alikuwa na miaka 35, anakaribia 36. Chelsea wakamchukua kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka ule ukazaa mwingine, ukazaa mwingine, akaja kuondoka London mwaka 2024 akiwa na miaka 39.

Wabishi wangu ni watatu. Mjomba alicheza namba tano ujanani mwake, na Chelsea kwake ni ndugu. Mpwa wake, binti anayeshika vitabu vya chama cha akiba na mikopo, ni Chelsea vilevile ila haoni haya kuisema vibaya. Kocha anafundisha vijana chini ya miaka 17. Sauti zao nimezitunga mimi. Hoja zao utazikuta popote penye televisheni na viti vya plastiki.

MPWA: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Kaa. Na leo usinitolee daftari, maana mimi nina mechi moja tu na inatosha. Porto, tarehe 29 Mei 2021, fainali, Chelsea na Manchester City. Mashindano yale yote Chelsea walicheza mechi 13 wakaruhusu magoli manne. Manne! Na katikati ya ngome ile alikuwa mzee ambaye miezi tisa nyuma Paris walimwambia asante, nenda. Haya, sema.

MPWA: Nitasema. Ila kwanza nikuulize, mjomba: fainali hiyo Silva alitoka dakika ya ngapi?

MJOMBA: Aliumia.

MPWA: Sikuuliza kilichomtoa. Nimeuliza dakika.

MJOMBA: Ya 39.

MPWA: Ya 39, kinena kilimkataa. Akaingia Andreas Christensen, miaka 25. Dakika tatu baadaye Kai Havertz akafunga, na kipindi chote cha pili, City wakitupa kila walichonacho, aliyekuwa amesimama pale katikati ni Christensen. Kombe unalonionyesha kama ushahidi wa wazee lililindwa na kijana.

MJOMBA: Likalindwa na kijana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kulinda. Nani aliwafikisha Porto? Jungu kuu halikosi ukoko, mwanangu.

MPWA: Ukoko ni mtamu, mjomba, lakini haushibishi watu kumi na moja.

KOCHA: Mnaruhusu niingie? Fainali kila mtu anaikumbuka vile anavyotaka. Mimi ningependa tuanze na timu ambayo nyote mnaikwepa. West Brom.

Hapo Kocha amegusa penyewe. West Bromwich Albion walishuka daraja msimu ule wa 2020/21, lakini mtu angetazama mechi zao mbili na Chelsea peke yake angedhani Silva ni usajili wa hasara. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya England ilikuwa kwao, Septemba 2020, na alipewa unahodha papo hapo. Mpira ukamteleza mguuni akiwa mtu wa mwisho, Callum Robinson akauchukua akaenda kufunga goli lake la pili. Haijafika nusu saa Chelsea walikuwa nyuma 3-0, wakahangaika hadi sare ya 3-3. Waliporudiana London, Aprili 2021, Silva alikuwa ametoka kuuguza paja. Chelsea wakiongoza 1-0, akapata kadi ya pili ya njano dakika ya 29. Mechi ikaisha 5-2, tano za West Brom.

MJOMBA: Mechi mbili! Mtu ana mechi 155 pale, wewe unanichagulia mbili.

KOCHA: Nazichagua kwa sababu zinafundisha, siyo kwa kumsuta. Mechi ya kwanza Frank Lampard alicheza na mabeki wanne, timu imepanda, nyuma kuna uwanja mtupu. Mpira ukipotea pale, beki hana mtu wa kumsaidia. Lazima ageuke akimbie. Mtu wa miaka 36 akili yake inageuka mapema kuliko mtu yeyote uwanjani, kiuno ndicho kinachochelewa. Zile hatua tatu za kwanza za kuondoka, hizo ndizo huanza kuisha. Akishashika mwendo, si mbaya kama mnavyodhani.

MPWA: Na kupona baada ya mechi.

KOCHA: Hasa. Kijana anacheza Jumatano na Jumamosi yuko sawa. Mkongwe Jumamosi misuli bado inadai deni la Jumatano. Sasa Lampard akafukuzwa Januari 2021, akaja Thomas Tuchel. Huyu si mgeni kwa Silva, maana ndiye aliyekuwa kocha wake Paris hadi fainali ya Lisbon. Anamjua nje ndani. Akabadili, mabeki watatu. Kulia César Azpilicueta, kushoto Antonio Rüdiger, katikati mzee. Mbele yao Jorginho na N'Golo Kanté wanaziba. Mpira ukipigwa pembeni kule kwenye nafasi, anayekimbia ni Rüdiger. Silva anabaki ndani ya upana wa boksi, anasoma, anaelekeza, anakata pasi. Kazi ya kukimbizana na mawinga kaondolewa.

MJOMBA: Umeona alivyokuwa anasimama? Mimi namba tano nimecheza, najua. Mpira ukiwa bado kwa kiungo wao, yeye ameshaanza kurudi nyuma kinyumenyume, ubavu umetazama goli lake, mkono mmoja unamwonyesha mwenzake aende wapi. Pasi ikija, wewe unadhani imepigwa vibaya, imemfuata. Haikumfuata! Alikuwepo tangu zamani. Kitu hicho huwezi kumnunulia mtoto dukani.

MPWA: Hilo silibishi, mjomba. Mimi nasema hivi: ukishasema mzee anahitaji watu wawili wa kumkimbilia pembeni na wawili wa kumzibia mbele, basi unaponiambia bei yake ni mshahara wa mtu mmoja, hesabu yako ina pengo. Timu nzima inapangwa kumzunguka.

KOCHA: Ni kweli. Ila kila mchezaji mkubwa timu inapangwa kumzunguka. Cha kujiuliza ni kama imepangika vizuri kuliko ilivyokuwa.

Hapa Mpwa ana hoja ambayo wapenzi wa wakongwe hawapendi kuisikia, na Kocha ana jibu ambalo wapenzi wa daftari huliruka. Umri wa beki haukai kwenye cheti cha kuzaliwa peke yake, unakaa pia kwenye umbali ulio kati yake na golikipa wake. Beki wa miaka 36 anayelinda karibu na boksi lake ni mchezaji mwingine kabisa na beki huyohuyo akipandishwa hadi mstari wa kati. Kwa hiyo mkurugenzi anayeuliza "ana umri gani?" kabla ya kuuliza "mwakani tutalindia wapi?" ameanza mwisho. Paris, kwa maoni yangu, walianza mwisho.

MJOMBA: Asante! Waambie Paris. Mtu amewachezea miaka minane, mataji saba ya ligi, nahodha. Leonardo, mkurugenzi wao wa michezo, akatangaza mapema kwamba yeye na Edinson Cavani mwisho wao umefika. Na bado wakamwomba acheze mechi za mwisho za Ulaya, akawafikisha fainali! Ungekuwa wewe ungefanya hivyo?

MPWA: Ningefanya, na nisingelala vibaya. Klabu si mfuko wa uzeeni. Walikuwa na Marquinhos na Presnel Kimpembe, wote vijana. Mzee akae mpaka lini?

KOCHA: Binti, ungeishia hapo ungeshinda. Lakini malizia hadithi. Julai 2021 Paris walimsajili nani?

MPWA: (anacheka) Sergio Ramos.

KOCHA: Umri?

MPWA: 35. Umri uleule waliomkatalia Silva.

MJOMBA: Kwa miaka miwili! Silva wao wenyewe hakufaa hata mmoja, Ramos wa watu akafaa miwili.

MPWA: Na msimu wa kwanza kigimbi kikamweka nje hadi mwishoni mwa Novemba. Mechi 13 tu. Ndiyo maana nasema, mjomba, hiyo ni hoja yangu, siyo yako. Miaka 35 ni bahati nasibu.

MJOMBA: Msimu wa pili alicheza vizuri na mara kwa mara. Kuwa mkweli.

MPWA: Alicheza. Paris wakatoka tena raundi ya 16 bora, kama msimu wa kwanza. Na walikomuacha je? Real Madrid walimpa mwaka mmoja, yeye akataka miwili, alipokuja kukubali akaambiwa muda wa ofa umepita. Watu walilia. Raphaël Varane naye akaenda Manchester United, kwa hiyo ngome yote ya kati imeondoka kiangazi kimoja. Wakaweka Éder Militão na David Alaba. Mei 2022 wakachukua Ligi ya Mabingwa, tena fainali ilichezwa Saint-Denis, jirani kabisa na Paris. Na njiani waliwatoa Paris hao hao. Mzee akiondoka dunia haisimami.

MJOMBA: Alaba hakuwa mtoto.

MPWA: Alikuwa na miaka 29. Ndiyo ninachosema. Kati ya mtoto na mzee kuna watu wazima, nao hamuwazungumzii kamwe.

KOCHA: Hapo umenifunga mdomo.

Ningeweza kuliacha suala la Ramos hapo, ila lina funzo dogo. Madrid hawakumkataa kwa kuwa ni mzee, walikuwa na kawaida yao kwa waliovuka miaka 30: mwaka mmoja mmoja, hata uwe nani. Unaweza kuiita ubahili. Mimi naiona ni adabu ya kazi, kwa sababu kila mtu anaijua kabla hajaingia ofisini. Paris wao walikuwa na kanuni kwa Silva na kanuni nyingine kwa Ramos, na tofauti ya kanuni hizo ilikuwa jina.

MPWA: Sasa turudi kwetu London, maana nataka kuwataja watu wawili. Fikayo Tomori na Marc Guéhi.

MJOMBA: Nilijua utafika huko.

MPWA: Nifike, ndiyo. Wote wa akademi yetu. Januari 2021 Tomori anapelekwa Milan kwa mkopo, kiangazi wanamnunua moja kwa moja, mwaka 2022 anakuwa bingwa wa Italia. Guéhi anauzwa Crystal Palace Julai 2021, miaka 21. Mwaka 2025 Palace wanachukua Kombe la FA, nahodha wao nani? Guéhi. Na kiangazi hichohicho tulichomuuza, sisi tunamwongezea mkataba mzee wa miaka 36. Halafu baadaye tunatoa mamilioni kununua mabeki wa kati wa nje!

MJOMBA: Usimbebeshe Silva mzigo usio wake. Tomori alishakaa benchi kwa Lampard hata kabla mzee hajazoea chakula cha London. Kulikuwa na Rüdiger, Kurt Zouma, Christensen, Azpilicueta. Mlango ulikuwa na watu wengi.

MPWA: Na mmoja wao angetoka, mlango ungekuwa na mtu mmoja pungufu.

KOCHA: Mimi nafundisha watoto, na hili linanikaa kooni kila siku. Beki kijana hafundishiki kwa maneno. Lazima apewe mechi 20 akosee. Mshambuliaji akikosea anakosa goli, jioni watu wamesahau. Beki akikosea amefungwa, na picha inarudiwa wiki nzima. Ndiyo maana makocha huwakimbilia wakongwe. Siyo kwamba vijana hawana uwezo, ni kwamba kocha mwenyewe ana kibarua cha kulinda.

MJOMBA: Lakini kocha, kijana hujifunza kwa nani? Hebu nikwambie mwalimu wa Silva alikuwa nani. Milan walimchukua toka Fluminense, akafika Januari 2009, lakini nafasi za wachezaji wasio wa Ulaya zilikuwa zimejaa, akawa hawezi kucheza mechi rasmi hadi msimu ujao. Nusu mwaka mzima anafanya mazoezi tu. Na pale mazoezini alikuwepo nani?

KOCHA: Paolo Maldini.

MJOMBA: Paolo Maldini, miaka 40, msimu wake wa mwisho! Miaka miwili nyuma, akiwa na 38, ameinua Ligi ya Mabingwa Athens mbele ya Liverpool. Na Alessandro Nesta yupo. Mtoto wa Rio de Janeiro anaamka asubuhi anakwenda kusimama ubavuni mwa Maldini bila presha ya mechi. Milan wangemuaga Maldini akiwa na 35, kama mnavyotaka, Silva angejifunza kwa nani?

MPWA: (kimya kidogo) Hiyo ni nzuri, mjomba. Nakubali.

MJOMBA: Andika kwenye daftari.

MPWA: Naandika. Na pembeni naandika hivi: Silva alijifunza kwa Maldini aliyekuwa *anaondoka*. Msimu uliofuata nafasi ilikuwa wazi, akaingia. Kama Maldini angeendelea hadi 43, Silva angebaki mwanafunzi.

Nimesikiliza upande wa Mjomba kwa hamu kubwa hapa, kwa sababu habari ya Milan ni ya kweli na ni nadra. Lakini nusu ya pili ameisema Mpwa. Mkongwe ana faida ya ualimu ikiwa kila mtu, na yeye mwenyewe kwanza, anajua tarehe ya kukabidhi. Kinachoitwa "uzoefu ndani ya chumba cha kubadilishia nguo" mara nyingi ni maneno ya kumpamba mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia ukweli. Mara chache kinakuwa kitu chenyewe. John Terry, nahodha wa Chelsea, msimu wa 2016/17 alikuwa kitu chenyewe. Januari 2016 alisema hadharani kwamba hatapewa mkataba mpya. Mashabiki wakachachamaa, Mei klabu ikalegeza ikampa mwaka mmoja, akiwa na miaka 35. Antonio Conte akaja, Terry akaumia Septemba, Chelsea wakapigwa 3-0 na Arsenal, Conte akahamia mabeki watatu: Azpilicueta, David Luiz, Gary Cahill. Nahodha hakurudi tena kikosini kwa kudumu. Mechi tisa za ligi msimu mzima, yeye ambaye miaka miwili nyuma alicheza kila dakika ya mechi 38 za ubingwa.

MPWA: Na hakununa hadharani. Hilo nampa. Chelsea wakachukua ubingwa kwa pointi 93.

MJOMBA: Alikuwa na kila sababu ya kuivuruga timu, akaacha.

KOCHA: Mimi nimewahi kumbakiza mkongwe wa aina hiyo, na nimewahi kumbakiza wa aina ya pili. Wa aina ya pili akikaa benchi, ubavuni kwake wanakaa vijana watatu anawajaza maneno. Umri mmoja, mguu mmoja, roho mbili tofauti. Hilo hakuna kipimo cha hospitali kinachoonyesha.

MPWA: Sasa mje kwenye jambo langu kubwa. Februari 2023.

MJOMBA: Alikuwa mchezaji bora wa klabu msimu ule! Kura za mashabiki. Miaka 38!

MPWA: Alikuwa, mjomba, na tulimaliza nafasi ya 12. Mimi nikisikia mchezaji bora wa timu iliyotumia pesa zote zile ni mtu wa miaka 38, sipigi makofi. Nauliza waliokuwa zamu walikuwa wapi. Christensen na Rüdiger mikataba yao iliachwa ikaisha, kiangazi cha 2022 wakaondoka bure, mmoja Barcelona, mwingine Madrid. Hao ndio waliotakiwa kumpokea mzee! Ndipo tukakimbilia sokoni. Kalidou Koulibaly, miaka 31, tukampa miaka minne, msimu mmoja tu tukamuuza Saudia. Wesley Fofana, miaka 21, tukampa miaka saba.

MJOMBA: Na Fofana huyo? Sema.

MPWA: Goti. Akakosa msimu mzima wa 2023/24.

MJOMBA: Umeona! Kijana wa 21 yuko kwenye magongo, mzee wa 39 yuko uwanjani. Miaka 35 ni bahati nasibu, eti. Na 21 je?

MPWA: Fofana akipona ana miaka kumi mbele. Silva alisaini nyongeza tarehe 10 Februari 2023, na tarehe 26 mwezi huohuo, dhidi ya Tottenham, goti likamtoa uwanjani. Wino haujakauka. Alirudi, akacheza, sikatai. Lakini angalia tulivyokuwa tunacheza mwaka wake wa mwisho: timu imejaa watoto wanaotaka kukaba juu, mzee anawavuta warudi nyuma, katikati kunabaki uwanja. Februari 2024 Wolves wakaja kwetu wakatupiga 4-2. Silva mwenyewe alifunga moja! Na siku hiyohiyo mkewe akaandika mtandaoni kwamba ni wakati wa kubadilika. Ndani ya nyumba ya timu pakawaka moto wa siku mbili tatu. Hivi ndivyo mtu mkubwa anavyoagwa?

MJOMBA: Mke wa mtu hakuwa kwenye mkataba.

MPWA: Hakuwa. Ila mambo hayo hutokea pale ambapo hakuna mtu aliyesema mapema, "Bwana Silva, huu ndio wa mwisho, na mwaka wa mwisho kazi yako ni hii."

KOCHA: Wenzetu Simba walimuaga Pascal Wawa mwaka 2022, misimu minne, mataji matatu ya ligi, robo fainali tatu za Afrika. Henock Inonga alikuwa ameshafika mwaka mmoja kabla, wamecheza pamoja, kila mtu ameona nani anampokea nani. Wawa akaenda Singida akaendelea na kazi yake. Kwenye soka letu hatusifiwi sana kwa mipango, lakini lile lilipangika.

MJOMBA: Wawa nilimlilia pia.

MPWA: Mjomba, wewe umemlilia kila beki.

Sasa na mimi nitoe kura yangu, maana mwandishi anayewaachia wengine wabishane halafu akajificha hafai. Mkataba wa Agosti 2020 ningeusaini bila kusita: mwaka mmoja, hakuna ada ya uhamisho, kikosi kilikuwa kinavuja magoli. Wa 2021 ningeusaini pia, maana kocha alikuwa ameshapata pa kumweka. Wa Januari 2022 ningeusaini kwa sharti moja, kwamba kabla kalamu haijagusa karatasi ya Silva iguse kwanza ya Rüdiger. Hapo ndipo Chelsea walipopotea, wakiongeza mwaka wa mtu wa 37 huku miaka ya watu wa 25 na 28 ikiwatoka mikononi. Wa Februari 2023 nisingeusaini. Siyo kwa ajili ya miguu yake. Klabu ilikuwa imebadili wamiliki na makocha, haikujua itacheza mpira gani, na ilimwongezea yeye kwa kuwa ndiye kitu pekee ilichokuwa na uhakika nacho. Hiyo siyo sababu ya kumbakiza beki.

MJOMBA: Haya, mmemaliza? Mnieleze basi na hili. Anaondoka kwenu "amekwisha". Anarudi Fluminense. Kiangazi cha 2025, Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani, ana miaka 40, nahodha. Inter, waliotoka kucheza fainali ya Ulaya, wanakutana naye. Mbili bila. Inter wametoka mikono mitupu.

KOCHA: Mabeki watatu, yeye katikati. Kama Porto.

MJOMBA: Miaka 40!

MPWA: Na nusu fainali wakakutana na nani, mjomba?

MJOMBA: Na sisi.

MPWA: Tukawafunga mbili. Mfungaji?

MJOMBA: João Pedro. Zote mbili. Na hata kushangilia hakushangilia, maana Fluminense ndiko alikolelewa.

MPWA: Wao ndio waliomuuza, akiwa kijana.

MJOMBA: Alikuwa mshambuliaji yule. Mimi nazungumzia mabeki.